Maji ya Saa Tatu

"Na daftari la vipimo liko wapi?" karani wa idara aliuliza, macho yake bado yapo kwenye fomu.

"Ninalo hapa," Mwanakheri alijibu, akaupigapiga mkoba wake.

"Si mimi wa kupewa. Atalipokea Dokta Mahfoudh mwenyewe kesho saa mbili asubuhi, leo yuko mkutanoni. Na kesho saa sita mchana tunafunga orodha." Karani akainua kichwa sasa, amtazame vizuri. "Asiyetimiza mihuri saba, Jumamosi mahafalini jina lake halisomwi. Usije ukasema hukuambiwa."

Chuo kina tabia za mwenye nyumba mkali. Mpangaji hahami mpaka kila ufunguo uhesabiwe na kila ukuta ukaguliwe. Fomu ya kuagana ilikuwa na visanduku saba, na tangu asubuhi Mwanakheri alikuwa akizunguka nayo mlango hadi mlango, anainama, anasalimu, anangoja mtu amalize kuzungumza na simu. Maktaba walimpigia muhuri baada ya kuhakikisha hana kitabu chao hata kimoja. Michezo walimpigia, yeye ambaye hajapata kuugusa mpira maishani mwake. Bweni nao walimpigia, ingawa hakulala bwenini hata siku moja. Miaka minne yote alikaa Michenzani kwa shangazi yake, Bi Nadhira, ghorofa ya nne.

Alipokuwa anaungoja muhuri wa bweni alicheka peke yake. Alikumbuka wiki yake ya pili mjini, alipopanda ngazi za jengo lisilo lao. Majengo yale yanafanana kama mayai. Alibisha hodi ghorofa ya nne, akaitikiwa karibu, akavua viatu, akakaa. Mwenye nyumba akamletea chai na mkate wa mofa. Kikombe kilifika nusu ndipo alipotambua kuwa mzee aliyemo kwenye picha ya ukutani si mume wa shangazi yake. Yule mama alimwacha amalize chai kwanza, halafu akamuuliza kwa upole, "Na wewe mwanangu ni wa nani?"

Miaka minne ilikuwa imekwenda namna hiyo, kwa kupotea na kuelekezwa. Alijifunza kuvaa miwani ya maabara juu ya mtandio. Alijifunza kusimama mbele ya watu sitini akasema bila ya sauti kumtetemeka, na alijifunza kujibu kwa mzaha wale waliomwita "Bibi Mwani" kwa sababu ya kwao Kiwengwa. Mihuri sita ilikwishapigwa. Ulibaki mmoja tu, na hata huo hakuuogopa. Alikuwa na furaha yake siku ile, Mungu anajua, hadi saa nne na dakika kidogo.

Alikaa kwenye baraza ya mkahawa wa chuo, akaagiza chai ya maziwa, akalitoa daftari. Lilifika juzi mikononi mwa jirani, limefungwa ndani ya kipande cha kanga, linanuka moshi wa kuni na chumvi. Mama yake alikuwa amelijalidi kwa karatasi ya kalenda ya mwaka jana, na juu yake akaandika jina kwa zile herufi kubwa alizofundishwa katika darasa la watu wazima: SAADIYA BINTI MAKAME.

Mwanakheri alikuwa hajapata kulifungua, na hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi. Kwa miezi sita mama yake alipima joto la maji kwenye mashamba ya mwani, na kila Ijumaa alimsomea mwanawe tarakimu kwa simu, moja moja, taratibu, kama anayesoma juzuu. Mwanakheri akaziingiza kwenye kompyuta kule mjini. Kutokana na tarakimu zile akaandika utafiti wake wa kumalizia shahada. Aligundua kwamba kila mwezi, siku za maji mafu, pale bahari inapolegea na kupwa kidogo tu, maji ya karibu na ufukwe hupoa kwa digrii nne nzima. Kwa hiyo mwani mnene, ule wanaoulilia wanunuzi, ule uliokuwa ukifa kwa joto mwaka baada ya mwaka, ungeweza kurudishwa karibu na ufukwe. Dokta Mahfoudh aliupiga kalamu nyekundu mstari mmoja tu, na chini akaandika: kazi ya kwanza darasani.

Akafungua ukurasa wa mwanzo. Tarehe, saa, joto. Mama ameandika vizuri, mistari imenyooka. Saa tatu asubuhi, thelathini na moja. Saa tatu asubuhi, thelathini na moja. Saa tatu asubuhi, ishirini na saba. Na hapo pembeni, kwa penseli, palikuwa na kijichoro kidogo cha duara lenye mkono.

Akageuza ukurasa. Kijichoro kingine, na kingine. Alidhani mama alikuwa akichezea penseli. Akayatazama maduara yale huku anapuliza chai, na ghafla akayatambua. Zilikuwa ndoo.

Siku saba hazina ndoo. Siku nane zina ndoo. Siku saba hazina, siku nane zina. Mwanakheri alikuwa mtoto wa pwani kabla hajawa mwanafunzi, na vidole vyake vilianza kuhesabu mwezi vyenyewe kabla hajaviambia. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Kiwengwa hutoka asubuhi mpaka mtu akatembea mchangani hadi kwenye kamba zake za mwani. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Saa tatu asubuhi bahari imejaa, na kwenye kamba hakufikiki ila kwa kuogelea.

Bi Saadiya hajui kuogelea. Wanawake wa mwani, takriban wote, hawajui.

Chai ikamwagika kwenye sahani. Mwanakheri alijiona alivyokuwa siku ile uani kwao, mwaka uliopita, amesimama na kipimajoto mkononi, amevaa viatu vyake vya mjini. "Kila siku saa tatu asubuhi, mama. Saa hiyo hiyo, usibadilishe. Utafiti hautaki saa za kubahatisha." Mama alikuwa amefungua kinywa, kisha akakifunga. Akakipokea kile kipimajoto kwa mikono miwili. Mwanakheri aliuchukua ule ukimya kuwa ni utiifu, akafurahi. Yeye, aliyezaliwa mita mia mbili kutoka majini, aliiwekea bahari saa ya ukutani, na hakuona ajabu.

Alishikwa na hofu. Aliogopa hata kusimama. Alivisikia vigelegele vya Jumamosi kabla havijapigwa. Aliwaona wanawake wa kikundi cha mama yake wakishuka garini na sare zao za rangi ya zambarau, walizoshona miezi miwili kabla, kana kwamba wanakwenda harusini. Halafu likamjia jengine lililo kubwa zaidi. Wanawake wale wale walikuwa wameshausikia utafiti wake. Dokta Mahfoudh mwenyewe aliwatumia habari. Bamvua lijalo, kikundi kizima kingehamishia mwani mnene karibu na ufukwe, mahali ambapo, kwa mujibu wa msomi wao, maji hupoa.

Na hayapoi. Yaliyopoa ni ya ndoo.

Aliona haya kukiri hata moyoni, lakini woga wa kwanza ulikuwa wa joho lake. Wanawake walikuja wa pili.

"Mbona umekauka hivyo, umeona jini?" Ummy alikuwa amesimama mbele yake na mfuko wa fundi cherehani. Ummy wa Kikwajuni, rafiki yake tangu siku ya usajili, mwenye mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Mwanakheri akamwambia yote, kwa sauti ya chini, anatazama huku na huku kama mwizi wa kuku.

Ummy akalichukua daftari, akalipitisha macho. "Nani mwengine kaliona hili?"

"Hakuna."

"Na Dokta alishakupa alama?"

"Kitambo."

"Basi una wazimu gani? Hizi alama za penseli." Akapekua mkoba wake, akatoa ufutio, akauweka mezani kando ya kikombe. "Futa. Dakika kumi tu. Dokta hatosoma hata ukurasa mmoja, analitia kabatini, linaliwa na mchwa. Unajua wangapi wana madaftari ya kutunga humu? Wewe lako mama yako kapima kweli. Ndoo, bahari, maji si ni yale yale?"

"Si yale yale, Ummy."

"Mie nakwambia futa. Jumamosi ipite. Baadaye utarekebisha."

Mwanakheri akaushika ufutio. Alikuwa na siku nzima mbele yake na vijichoro visivyozidi mia. Akafuta kimoja. Penseli ilitoka kwa urahisi, ila mama yake alikuwa ameiandikia kwa nguvu, kama waandikavyo watu waliojifunza kalamu ukubwani, na mfereji wa ile ndoo ukabaki kwenye karatasi. Akapitisha kidole juu yake. Hakuweza kufuta cha pili.

"Naenda Kiwengwa," akasema.

"Leo? Na muhuri?"

"Nitarudi asubuhi."

Ummy alimtazama kwa hasira ya mtu anayekupenda. "Haya. La kuvunda halina ubani. Lakini usiseme hukupewa njia."

*

Alifika maji yakiwa yameshatoka. Ilikuwa siku ya tatu ya bamvua, na bahari ilikuwa imejikunja mbali, imeacha mchanga na madimbwi na safu za vijiti. Upande wa kaskazini walionekana wageni wa mahoteli wakipiga picha. Upande huu wanawake saba walikuwa wameinama, kila mmoja kwenye kamba yake. Mwanakheri alivua viatu, akafunga kanga ya kuazima juu ya nguo zake za mjini, akaingia majini. Yalimfika chini ya goti. Yalikuwa ya moto. Hakuhitaji kipimajoto kulijua hilo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba!" Bi Saadiya akajinyoosha, mkono kiunoni. Alikuwa mwanamke mfupi, uso wake umekoza kwa jua, na alifunga ukaya kichwani mpaka nyusi. Furaha ilimjaa, halafu ikapungua. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Nimekuja kukutazama."

"Jumatano? Na Jumamosi tunakuja kwako?" Hakuendelea kuuliza. Watu wa pwani hawamwulizi mtu jambo akiwa hajapumua. Akampisha upande wa pili wa kamba. "Haya, nsaidie. Hii mbegu ya mwani mnene, nnaitayarisha nije kuihamisha kule karibu, kama mlivyosema."

Walifunga. Unachukua kishada, unakipitisha kwenye kikamba kidogo kilichofungwa juu ya kamba kuu, unapiga fundo. Fundo likikazwa sana mwani hunyongeka, likilegea bahari inauchukua. Zamani Mwanakheri aliweza kufunga huku anaimba. Sasa alifunga vishada vitatu, na mama yake akavifungua vyote vitatu na kuvifunga upya.

"Mama," Mwanakheri akasema, "zile ndoo ulizochora daftarini ni nini?"

"Ndoo ni ndoo." Bi Saadiya akacheka. "Siku nlizopimia ndooni. Nlitia alama usije ukachanganyikiwa. Kwenye simu sikukwambia, pesa za simu zinakwenda."

"Ulipimaje?"

"Si ulisema saa tatu? Basi bamvua hakuna tabu, saa tatu nshafika kwenye kamba. Maji mafu ndo kazi. Siku ya mwanzo nliingia." Akaweka kiganja chini ya kidevu. "Mpaka hapa. Kijiti chako cha kupimia nimekiinua juu, kisivunjike. Likaja wimbi, nkamezwa. Nkanywa maji, nkaona nyota mchana. Mke wa Anuar ndo aliyenivuta kwa kanga." Alisimulia kama kichekesho, na kweli alikuwa akicheka. "Nkasema, Saadiya, mtoto anasoma, wewe utakufa na kijiti. Toka siku ile nkawa nachota kwa ndoo pale ufukweni, nnakwenda nayo nyumbani, naiweka kivulini jikoni. Nkishapika chai, nasoma. Saa tatu juu ya alama. Sikukosa hata siku moja."

Mwanakheri aliiona ile kanga ikivutwa. Aliona angeitwa kutoka darasani, na mtu asiyejua pa kuanzia akimwambia akae kwanza. Kwa miezi sita alikuwa akizipokea zile tarakimu kwa simu, anasema "vizuri mama, endelea," huku anakula ubuyu.

"Mbona hukunambia? Mbona hukusema kwamba saa tatu haiwezekani?"

Bi Saadiya akashangaa kwa dhati. "Nkwambie mie? Wewe ndo msomi. Nlitaka kusema siku ile uani, khalafu nkajiuliza, nani mie? Nkadhani labda chuo kina bahari yake."

Mwanakheri akalia. Alilia amesimama majini na kishada cha mwani mkononi, na mama yake akamwacha, akaendelea kufunga, mpaka alipoona hanyamazi. Hapo vidole vyake vikasimama.

"Nimekuharibia?"

"Hapana, mama."

"Mwanakheri. Nimekuharibia?"

Akamwambia. Maneno yalikuwa mepesi kuliko alivyodhani. Maji ya ndooni yalipoa kwa sababu ya kivuli, hayakuwa ya bahari. Bahari haikupoa. Kitabu kizima, na ile kazi ya kwanza darasani, vilisimama juu ya kivuli cha jiko la makuti. Bi Saadiya alisikiliza na kichwa kimeinama. Alipokielewa alichoambiwa hakujitazama yeye wala mwanawe. Aligeuka kuwatazama wale sita waliokuwa wakifunga, mmoja akimtania mwenziwe kwa sauti kubwa.

"Kwa hivyo tukiihamisha hii mbegu," akasema polepole, "itakufa."

"Itapauka kwanza. Halafu itakatika."

"Yote?"

"Yote, mama."

Maji yalianza kurudi, kidogo kidogo, vifundoni kwanza. Bi Saadiya akaishika ile kamba ndefu waliyokuwa wakiifunga. "Wakijua chuoni, watakunyima hicho cheti?"

"Sijui. Wanaweza. Wanaweza kuniambia nianze upya. Wanaweza kusema nimedanganya." Alisita. "Wanaweza kusema wewe umedanganya."

"Mie?" Ilikuwa mara ya kwanza kuiona hofu usoni mwa mama yake, na ilimtisha kuliko yote aliyoyafikiri tangu asubuhi. Bi Saadiya aliogopa mambo machache: moto, nyoka, na mtu mwenye kalamu. "Watanipeleka wapi?"

"Hakuna pa kukupeleka. Sijui, mama. Naogopa. Kuna mtu kaniambia nifute zile ndoo, na moja nimeshaifuta."

Mama hakumgombeza. Alikusanya vishada vilivyobaki akavitia kwenye gunia, akalikokota kuelekea ufukweni, na Mwanakheri akamfuata. Walipofika mchanga mkavu ndipo alipozungumza.

"Mficha uchi hazai," alisema. Halafu, baada ya hatua chache, kwa sauti ndogo ambayo Mwanakheri hakuizoea: "Lakini tukienda, twende wote. Peke yako usiende."

*

Walitoka baada ya sala ya alfajiri. Bi Saadiya alivaa buibui lake la harusini, na mkononi akachukua ndoo. Ilikuwa ya manjano, imekwaruzika, mkono wake wa chuma umefungwa kitambaa.

"Mama, ndoo ya nini?"

"Mwalimu akitaka kuiona?"

Ndoo ikasafiri mpaka chuoni juu ya magoti yake.

Saa mbili kasorobo walikuwa kwenye ukumbi mrefu wa idara, kwenye benchi lililo mbele ya mlango wa Dokta Mahfoudh. Wanafunzi walipita wakicheka, wengine na majoho yao mikononi, ndani ya mifuko ya plastiki. Ummy naye alipita. Aliiona ndoo, akamwona Bi Saadiya, akamwamkia kwa kuinama sana, akaendelea na njia yake. Mwanakheri alitoa daftari, akatafuta ukurasa wa tisa, na pale palipobaki mfereji wa ile alama aliyoifuta akaichora ndoo upya kwa kalamu ya wino. Ilitoka kombo, lakini ilikuwa ndoo.

"Ingia!"

Mama yake alibaki kwenye benchi. Mlango Mwanakheri aliuacha wazi, hakujua kwa nini.

Dokta Mahfoudh alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye mazoea ya kuzungumza huku akitafuta kitu kingine. Alitafuta miwani, akatafuta kalamu, akatafuta wino wa muhuri. "Bibi Mwani wetu! Umechelewa kuja, wenzako wameshanimaliza mkono. Hilo ndilo daftari? Lete." Akalipokea, akalipepesa kurasa zote kwa dole gumba, kama mtu anayechanganya karata. Vijichoro vilipita mbele ya macho yake vyote, asione hata kimoja. "Mashallah. Miezi sita hajaruka siku. Mama yako huyu angekuwa mwanafunzi wangu, ningepumzika. Fomu?"

Mwanakheri akampa fomu.

Alikuwa ameyapanga maneno tangu Kiwengwa. Mwalimu, kuna jambo. Maneno matatu tu. Alifungua kinywa, na Dokta akasema, "Jumamosi uwahi, foleni itakuwa ndefu." Akafungua tena, na Dokta akasema, "Na ule mkutano wa kikundi chenu, nimewaahidi bamvua lijalo tutakuja pamoja, wakuone na joho lako." Alihisi kwamba akisema, miaka minne itamwagika kama ile chai ya jana, na asiposema, hataanguka mtu leo, hataanguka mtu Jumamosi, ni mwani tu utakaopauka, polepole, na wanawake sita watasema ni kazi ya Mungu. Hakuna atakayejua. Mama tu atajua. Mama ataifunga mbegu yake kule anakojua kuwa itakufa, kwa sababu hatothubutu kuwaambia wenziwe kuwa msomi wao kakosea.

Dokta Mahfoudh aliugusisha muhuri kwenye wino, akauinua. Kisanduku cha saba kilikuwa cheupe, kinangoja.

Hakuamua. Baadaye, kila alipokumbuka, hakuweza kusema aliamua. Aliona tu mkono wake umeondoka ubavuni ukaenda kulala juu ya ile fomu, na muhuri ulikwishaanza kushuka.

Ulimwangukia kwenye mgongo wa kiganja. Haukuuma sana. Dokta aliuinua haraka, akashtuka, akatazama. Pale kwenye ngozi, kati ya mishipa, palikuwa na duara la zambarau, jina la idara, na tarehe ya siku ile, vyote vimesomeka vizuri.

"Una nini wewe?"

"Mwalimu," Mwanakheri alisema, na sauti yake ilitetemeka kama ya mwaka wa kwanza. "Naomba usome ukurasa wa tisa. Na saa nilizompangia mama. Mimi ndiye niliyempangia. Yeye alifanya kama nilivyomwambia, na aliandika ukweli."

Dokta Mahfoudh akaweka muhuri kando, akaipata miwani yake, akaivaa. Alifungua ukurasa wa tisa. Alitazama tarehe, akatazama saa, akatazama ule mchoro wa wino uliokwenda kombo, akarudi nyuma ukurasa mmoja, miwili, mitatu. Midomo yake ikaanza kucheza. Alikuwa akihesabu mwezi. Uchangamfu ulimtoka usoni kidogo kidogo, na Mwanakheri hakuweza kuusoma uso uliobaki chini yake.

Alilifunga daftari. Akaligeuza, akalitazama lile jalada la kalenda, akasoma jina kwa sauti, polepole, kama anayelisoma mara ya kwanza.

"Saadiya binti Makame."

"Naam!" ikaitikia sauti kutoka ukumbini.

Benchi lililia. Ulisikika mkono wa chuma wa ndoo ukigonga ubavu wa plastiki, mara moja, kisha nyayo zikaja kuelekea mlangoni. Mwanakheri alisimama na mkono wake bado umelala juu ya fomu, wino haujakauka, na hakuthubutu kuufuta.